UZI: Karatasi moja, shairi moja. Jinsi mashairi ya Marekani yalivyouzwa barabarani, yakabandikwa ukutani, na nani aliyapigia chapa

mpiga_chapa (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni mtu wa uchapaji, mwaka wa kumi na saba sasa. Nilianza kwa kupiga namba vitabu vya risiti kwenye Heidelberg ya zamani, ile yenye mikono miwili inayozunguka ikibeba karatasi, nikaenda ofseti, leo niko dijito. Kinachoingia dukani kila siku ni risiti, kadi za harusi, ratiba za mazishi, mabango ya mikutano. Kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniletea shairi akasema, "Nichapie hili peke yake, karatasi moja, nakala mia tano, nakwenda kuliuza stendi."

Marekani jambo hilo limefanyika kwa zaidi ya miaka mia tatu. Karatasi moja, imechapwa upande mmoja, shairi moja juu yake. Wenyewe wanaiita brodisaidi. Nimesoma habari zake kwa muda mrefu na nina hoja moja ya kutetea hapa: hii karatasi ndiyo iliyokuwa mlango wa watu ambao kitabu kiliwafungia. Mtumwa, mtoto, binti wa kazi, mkutubi mwenye dola kumi na mbili mfukoni. Nitawaonyesha mmoja mmoja.

Naanza na mtoto.

Boston, Novemba 1718. Mtunza mnara wa taa wa bandari, George Worthylake, anazama baharini pamoja na mkewe na binti yake. Mji wote unalia. Kwenye duka la uchapaji la James Franklin kuna mdogo wake, ana miaka kumi na miwili, amewekwa kujifunza kazi. Kaka mtu ananusa biashara: anamwambia dogo atunge shairi la msiba ule. Dogo anatunga, wanapanga herufi, wanachapa, kisha kaka anampa furushi aende kuuza mitaani mwenyewe. Likauzika ajabu, maana habari ilikuwa mbichi na watu waliwajua marehemu. Akatunga na la pili, la kukamatwa kwa haramia Blackbeard.

Huyo mtoto ni Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani. Uzeeni aliandika kwamba mashairi yale yalikuwa mabovu. Baba yake ndiye aliyemkatisha tamaa, akamwambia watunga mashairi wengi huishia kuwa ombaomba. Basi akaacha ushairi. Lakini angalieni mlolongo wenyewe: tukio, shairi, herufi, mashine, barabara, yote katika siku chache na chini ya paa moja. Kitabu kisingeweza.

Naendelea jioni, nina kazi ya watu mezani.

bintiTanga

Kaka, umeanza vizuri. Swali la mtu asiyejua uchapaji: kwa nini upande mmoja tu? Karatasi wakati ule si ilikuwa ghali? Mimi ningechapa pande zote mbili.

msomaji_kimya

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

mpiga_chapa

Dada bintiTanga, swali zuri, na jibu lake liko mikononi zaidi ya kichwani.

Mashine ya wakati ule ilikuwa ya mbao, inaendeshwa na watu wawili. Mmoja anapaka wino kwenye herufi kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu, mwenzake anatandika karatasi, anasukuma kitanda cha herufi ndani, anavuta mpini. Karatasi yenyewe inaloweshwa kwanza, ikiwa kavu wino haushiki sawasawa. Timu iliyozoea ilikadiriwa kupiga karatasi 250 kwa saa. Ukitaka upande wa pili unarudia kazi yote, tena uangalie upande wa kwanza usipakaze wino. Kwa hiyo upande mmoja ni nusu ya muda. Halafu karatasi hizi zilibandikwa ukutani, mlangoni, kwenye nguzo za vilabu vya pombe. Upande wa pili ungesomwa na nani, ukuta?

Na herufi, jamani, zinapangwa kinyume. Mpanga herufi anapanga mstari kutoka kushoto, herufi zikiwa kichwa chini, kila herufi ni kipande cha risasi chenye sura iliyogeuka kama kwenye kioo. Mtu aliyepanga shairi la beti ishirini kwa mkono amelishika kila sauti yake kwa vidole. Nalisema hili kwa sababu mzee aliyenifundisha kazi alikuwa wa herufi za risasi, na alikuwa akikumbuka maneno ya kadi za arusi za miaka ishirini nyuma, neno kwa neno.

Sasa turudi mwanzo kabisa. Mashine ya kwanza kwenye makoloni ya Waingereza huko ilifika Cambridge, Massachusetts, mwaka 1638. Mchungaji aliyeinunua, Jose Glover, alifia safarini baharini, mjane wake akashuka nayo. Kitu cha kwanza kuchapwa, mwaka 1639, kilikuwa karatasi moja: kiapo cha wananchi huru wa koloni. Kitabu chao cha zaburi kilikuja 1640. Maana yake karatasi moja iliitangulia Zaburi! Na hakuna nakala hata moja ya kiapo kile iliyobaki. Mwaka 1985 mghushi mmoja wa Utah, Mark Hofmann, alitengeneza ya uongo akataka kuiuza Maktaba ya Bunge la Marekani kwa dola milioni 1.5. Aliishia jela, tena kwa kosa baya zaidi: aliua watu wawili kwa mabomu akijaribu kuficha ulaghai wake. Karatasi ambayo mwaka 1639 pengine mtu aliifungia samaki.

Kiapo si shairi, najua. Mashairi yalifuata kupitia misiba. New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki, karne ya 17 mtu mkubwa akifa, mchungaji au hakimu, lilitungwa shairi la maombolezo likachapwa kwenye karatasi yenye fremu nene nyeusi, juu yake fuvu, mifupa, saa ya mchanga. Nyingine zilipachikwa kwenye kitambaa cha jeneza lenyewe.

Na kuna moja ambayo ningetoa mshahara wa mwezi kuishika. Mwaka 1775, baada ya mapigano ya Lexington na Concord, yaliyofungua vita ya uhuru dhidi ya Waingereza, mchapaji Ezekiel Russell wa Salem alitoa karatasi kubwa yenye habari za mauaji yale na chini yake shairi la maombolezo. Juu, upana wote wa karatasi, amepanga majeneza meusi arobaini. Yamesimama mistari miwili, kila moja na jina la aliyeuawa juu yake. Fikiria mtu asiyejua kusoma amesimama mbele ya ukuta. Hahitaji neno. Anahesabu.

Lishikeni jina hilo, Ezekiel Russell. Tutarudi kwake.

Mzee wa Vina

Ndugu mpiga chapa, nakusoma kwa makini. Lakini nina shaka. Uliyotaja ni habari za magazeti zilizotiwa vina, nyimbo za walevi na matangazo ya msiba. Ushairi ni kitu kingine. Usije ukaipa kila karatasi yenye vina jina la shairi.

mpiga_chapa

Mzee wangu, shikamoo. Shaka yako naiheshimu, ila sikubaliani nayo, na naomba nikujibu kwa hoja yetu wenyewe.

Sisi kwetu lini shairi lilitengana na wimbo? Malenga anaimba. Tunaposema bahari ya shairi tunasema na jinsi linavyoghaniwa. Karatasi za Marekani zilifanya hivyo hivyo: hazikuwa na noti za muziki, juu paliandikwa tu "kwa sauti ya wimbo fulani". Msomaji anaijua sauti tayari, anatia maneno mapya ndani yake. Mtunzi hawezi kukosea mizani hapo, maana akikosea mtaa mzima utajikwaa ukiimba.

Mfano mkubwa ni huu. Septemba 1814 meli za Uingereza zilipiga ngome ya McHenry, Baltimore, kwa saa 25. Wakili Francis Scott Key alikuwa kwenye chombo mle majini, alikuwa amekwenda kuomba mateka aachiwe, akazuiwa hadi shambulio liishe. Asubuhi akaona bendera bado iko juu. Akatunga. Ndani ya siku chache shairi lilikuwa limechapwa Baltimore kwenye karatasi moja, kichwa chake ni ulinzi wa ngome ile, chini limeandikwa jina la wimbo wa kuimbia, na jina la mtunzi halimo kabisa. Askari wa ngome wakagawiwa. Mwaka 1931 Bunge lao likalifanya wimbo wa taifa. Wimbo wa taifa wa Marekani uliingia duniani kama kipeperushi kisicho na jina, mzee wangu.

Mwaka huo huo wa 1814, Isaiah Thomas, mchapaji tajiri aliyekuwa amekwishaanzisha jumuiya ya kuhifadhi maandishi ya kale mjini Worcester, alikwenda Boston kwa mchapaji mdogo, Nathaniel Coverly, akanunua karatasi za nyimbo na mashairi zaidi ya 300. Mabaharia, mapenzi, mizimu, wanaonyongwa, Napoleon, kila kitu. Akazijalidi mabuku matatu na kuandika kwamba amezikusanya kuonyesha yanayopendwa na watu wa chini wakati huo. Alitumia neno la dharau kidogo, lakini alizinunua, na zipo hadi leo Worcester kwa sababu yake. Hao "watu wa chini" wasingekuwa na sauti kwenye kabati lolote bila yeye kufungua pochi siku ile.

Mzee wa Vina

Marahaba. Hoja ya bahari nimeikubali. Endelea.

bintiTanga

Na watu weusi wako wapi kwenye habari hii? Umesema mtumwa. Nasubiri.

mpiga_chapa

Dada, hapa ndipo nilipokuwa napataka. Mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Siku ya Krismasi mwaka 1760, huko Long Island, New York, mtumwa wa ukoo wa Lloyd aitwaye Jupiter Hammon alimaliza shairi la dini. Alikuwa na umri wa miaka 49, amezaliwa utumwani hapo hapo. Lilichapwa mwaka 1761 kwenye karatasi moja. Ndilo shairi la kwanza la mtu mweusi kuchapwa katika nchi ile. Beti 22, mishororo minne minne. Mzee wa Vina, hesabu nawe: mshororo wa kwanza mizani nane, wa pili sita, wa tatu nane, wa nne sita, vina vinapishana. Ni mizani ya nyimbo za kanisani, maana ndiyo aliyoisikia. Neno la wokovu linarudi na kurudi, karibu kila ubeti. Na kwenye karatasi, jina lake limewekwa pamoja na jina la mwenye kummiliki.

Sasa Boston. Mwaka huo huo wa 1761 meli inaitwa Phillis inatia nanga na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Kuna binti mdogo kati yao. Walimkadiria miaka saba hivi kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yanang'oka. John Wheatley akamnunua awe msaidizi wa mkewe, wakampa jina la meli iliyomleta. Phillis Wheatley.

Mimi nina binti wa umri ule. Wiki iliyopita kanionyesha jino lake kwenye kiganja. Nimeshindwa kuisoma sentensi ile ya meno tena.

Alifundishwa kusoma, akajua Kiingereza, akajua na Kilatini. Septemba 30, 1770 mhubiri mashuhuri George Whitefield akafariki Newburyport. Phillis akatunga ombolezo, na katika muda mfupi likatoka kwa karatasi moja, limepigwa chapa na, kumbukeni jina, Ezekiel Russell pamoja na John Boyle. Juu kuna picha ya kuchongwa kwenye ubao, maiti ya mhubiri imelazwa. Chini ya kichwa cha shairi wakaeleza mtunzi ni nani: Phillis, msichana mtumishi wa miaka 17, mali ya Bwana J. Wheatley wa Boston, na ana miaka tisa tu tangu aje nchi hii kutoka Afrika.

Soma maelezo yale kama mtu wa biashara na utayaelewa: mchapaji anawaambia wanunuzi "ajabu hiyo, njooni". Yasome kama mtu mwenye moyo na utaona kitu kingine: jina moja tu, halafu nani mwenye mali. Lakini karatasi ilikwenda. Ikachapwa upya Newport, New York, Philadelphia, ikavuka hadi London. Ndani ya shairi Phillis alikuwa amemtaja Countess wa Huntingdon, bibi mkubwa wa Uingereza ambaye Whitefield alikuwa kasisi wake.

Mwaka 1772 yule yule Russell akatangaza Boston kwamba atachapa kitabu cha mashairi yake wakipatikana watu 300 wa kujiandikisha kununua. Hawakupatikana. Mji ulionunua karatasi yake ulikataa kitabu chake. Kikachapwa London mwaka 1773, kimetabarukiwa kwa yule Countess, ambaye njia ya kumfikia ilikuwa imefunguliwa na ombolezo lile. Ndiyo maana nimesema mlango. Sijaitumia kama pambo la maneno.

Na kuna jambo linalonigusa kupita yote. Mwaka 1778 vita ya uhuru inaendelea, akina Lloyd wamekimbilia Connecticut wakiwa na Hammon. Mzee ana miaka 66, bado mtumwa. Anatunga shairi la beti 21 la kumwandikia Phillis Wheatley, na linachapwa Hartford kwenye karatasi moja, pembeni mwa kila ubeti pamewekwa fungu la Biblia. Anamwambia amshukuru Mungu aliyemvusha. Phillis wakati huo ni mtu huru. Mtumwa mmoja mzee anamwandikia dada yake wa Boston barua ya wazi, na posta yake ni mashine ya kuchapia.

Hammon hakuwahi kuachiwa huru. Phillis alifariki 1784, maskini, kitabu chake cha pili hakikupata wanunuzi.

bintiTanga

Nimesoma hilo la meno nikafunga simu kwanza. Ahsante kaka.

Mzee wa Vina

Nane na sita. Shairi letu la kawaida ni nane na nane. Mizani hiyo ya Hammon ukiighani inakatika kama mtu anayepumzika kila baada ya hatua. Nimejaribu hapa barazani.

mpiga_chapa

Mzee, hilo la kupumzika sikulifikiria. Kwa mtu wa kutumikishwa, basi hata pumziko liliingizwa kwenye mizani.

Karne ya 19 nitaipitia haraka, maana karatasi ziliongezeka mno hata zikapungua uzito. Iko moja nzuri: Julai 4, 1837, mji wa Concord ulizindua mnara wa kumbukumbu ya mapigano ya 1775, Ralph Waldo Emerson akaandika beti nne, zikachapwa kwenye karatasi na kugawiwa watu waimbe kwa sauti ya zaburi ya mia. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, wachapaji kama De Marsan wa mtaa wa Chatham, New York, walitoa karatasi za nyimbo kwa mamia, zenye fremu za maua na askari, senti moja tu. Askari aliikunja akaiweka mfukoni. Maktaba ya Bunge lao ina zaidi ya 4,000 za karne ile.

Jambo moja la fundi: karatasi ya 1770 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, bado ni ngumu na nyeupe. Kuanzia kati ya karne ya 19 wakaanza kutumia magogo, yenye asidi. Zile zinageuka rangi ya chai na kupasuka ukizikunjua. Kwa hiyo shairi la mjukuu linaweza kufa kabla ya la babu.

Naruka hadi Detroit.

msomaji_kimya

Detroit ya magari?

mpiga_chapa

Hiyo hiyo, na habari yenyewe inaanzia kwa mtu aliyefanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia chuma la Ford. Dudley Randall. Kijana alikuwa hapo miaka ya 1930, baadaye posta, baadaye akasomea ukutubi. Anatunga mashairi usiku.

Septemba 15, 1963, Jumapili, bomu la wabaguzi linalipuka kwenye kanisa la Wabaptisti la mtaa wa 16, Birmingham, Alabama. Wasichana wanne wanauawa. Randall akatunga shairi la mazungumzo: mtoto anamwomba mama ruhusa ya kwenda kwenye maandamano ya haki, mama anakataa, kuna mbwa na bunduki huko, nenda kanisani ukaimbe na watoto wenzio. Mtoto anachana nywele, anavaa viatu vyeupe. Kisha mlipuko. Mama anachakura kwenye vioo na matofali, anapata kiatu.

Mwimbaji mmoja akaomba kuliimba. Randall akataka haki ya shairi lake iwe imeandikishwa, na ili iandikishwe lazima liwe limechapwa. Basi mwaka 1965 akatoa dola 12 kwenye mshahara wake wa maktaba, akalichapa kwenye karatasi moja. Akahitaji jina la mchapishaji, akaliita Broadside Press, yaani kampuni ya karatasi hiyo hiyo tunayoizungumzia tangu juu. Ofisi ilikuwa nyumbani kwake.

Mei 1966 akaenda Nashville kwenye mkutano wa waandishi weusi chuo cha Fisk. Akawaomba mashairi Robert Hayden, Margaret Walker na Melvin Tolson, wote wakakubali. Kwa barua akamwomba Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1950. Naye akakubali. Karatasi sita za kwanza zikakamilika.

Ya Brooks ndiyo niliyoiangalia kwa jicho la kazi. Shairi lina maneno 24 tu, vijana saba wamekaa kwenye meza ya kuchezea pool, kila neno ni silabi moja. Randall hakulitoa kwa herufi za kawaida. Karatasi nyeusi tii, maneno meupe kama yamekwaruzwa kwa chaki na mtu mwenye haraka, ukutani. Ukiwa fundi unajua: kujaza karatasi nzima wino mweusi na kuacha maneno wazi ni gharama ya wino na ni hatari, madoa yanaonekana yote. Mtu mwenye dola chache alikubali hatari hiyo kwa sababu shairi lilidai ukuta. Mnaona alivyorudisha karatasi kule ilikotoka?

Brooks baadaye aliondoka kwa mchapishaji wake mkubwa wa New York akaja kwa Randall na mashairi yake, mwaka 1969. Mshindi wa Pulitzer kwenye nyumba ya mkutubi.

Na sisi tumo humo ndani pia. Kati ya vijana aliowatoa Randall yumo Don L. Lee wa Chicago. Miaka ya 1970 alibadili jina akajiita Haki Madhubuti. Sihitaji kuwatafsiria. Yumo pia Keorapetse Kgositsile wa Afrika Kusini, Randall alichapa kijitabu chake mwaka 1969. Huyu alipokimbia makaburu mwaka 1961 alifikia Dar es Salaam kwanza, akaandikia gazeti la Spearhead, akaenda Marekani, na mwaka 1975 akarudi Dar kufundisha Chuo Kikuu. Pengine kuna wazee humu walikaa darasani kwake.

Mzee wa Vina

Kgositsile namkumbuka kwa sauti yake. Nzito, ya taratibu. Sikujua alitokea kwenye karatasi za Detroit.

msomaji_kimya

Je, mambo haya bado yapo au intaneti imeyamaliza?

mpiga_chapa

Yapo. Mwaka 1967 San Francisco kulikuwa na vijana waliojiita Communication Company, wana mashine ya kudurufu ya Gestetner, wakigawa mashairi bure barabarani, ya Richard Brautigan yakiwamo. Leo wapo wachapaji wa herufi za risasi wanaotoa nakala mia, zimesainiwa, bei kubwa, za kutia fremu. Kazi ni safi sana na naipenda kama fundi, ila ile ya senti moja ilikuwa na kitu ambacho hii haina.

Mbili zinanipa faraja. Machi 5, 2007 bomu lililipuka Baghdad kwenye mtaa wa wauza vitabu, mtaa wa Al-Mutanabbi, uliopewa jina la malenga mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 10. Watu zaidi ya 30 walikufa, mia wakaumia. Muuza vitabu na mshairi wa San Francisco, Beau Beausoleil, akawaita wachapaji: kila mmoja atengeneze karatasi moja kujibu. Zikatoka 130, idadi ya waliokufa na kujeruhiwa. Seti nzima ikapelekwa Maktaba ya Taifa ya Iraq. Hebu rudini kwenye yale majeneza arobaini ya 1775 mlinganishe.

Ya pili ni Broadsided Press, imeanza 2005. Wanatoa shairi na picha kwenye ukurasa mmoja, unapakua, unachapa kwa printa yako, unabandika kituo cha basi au mlango wa duka. Wana watu wa kujitolea wa kubandika. Mimi nimeshabandika mbili ukutani dukani kwangu, kando ya bei za fotokopi. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisimama akaisoma ya Kiingereza hadi mwisho, akauliza kama ninazo za Kiswahili.

bintiTanga

Kaka, swali la mwisho. Lile ombolezo chini ya majeneza arobaini, nani alilitunga?

mpiga_chapa

Jina halikuwekwa. Ila nikuambie alichoandika Isaiah Thomas, yule wa Worcester, kwenye historia yake ya uchapaji. Anasema mke wa Ezekiel Russell alikuwa akimsaidia mumewe dukani. Na nyumbani kwao aliishi msichana mmoja, ambaye mara kwa mara alitunga mashairi ya mikasa iliyotoka kutokea, yakachapwa papo hapo na kupambwa kwa picha za majeneza, na yakauzika sana.

Sisemi ndiye aliyetunga lile la Lexington. Nasema alikuwapo, kwenye duka lile lile lililochapa karatasi ya Phillis. Thomas alikumbuka majeneza, akakumbuka mauzo. Jina lake hakuliandika.